Mvinyo mwekundu wa kunywa majira ya kuchipua: ninunue upi?

Kaka wa Mwanza (Freiburg)

Wakuu, habari za Jumapili. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya mvinyo, hasa mlioko huku Ulaya.

Mimi ni mtu wa mvinyo mwekundu. Wakati wa baridi sina shida kabisa: nachemsha nyama ya ng'ombe taratibu mchana kutwa, jioni nafungua chupa nzito ya kusini mwa Ufaransa, maisha yanaendelea. Sasa miti imechanua, jua linazama saa mbili na nusu usiku, na meza tumeshaihamishia uani. Chupa ileile niliyoifurahia Januari, yenye kilevi asilimia 14.5, nikiinywa nje naona inachosha. Glasi moja tu mdomo umekauka, kichwa kizito, na ladha ya chakula siisikii tena.

Chakula nacho kimebadilika. Ukienda sokoni pale kwenye uwanja wa kanisa kuu, kila meza ni asparagasi nyeupe, figili, vitunguu vya majani, njegere mbichi na yale majani ya kitunguu saumu yanayookotwa msituni. Mke wangu ni wa hukuhuku, na kwao asparagasi italiwa kila wiki mpaka tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohana, ndipo msimu unafungwa.

Jumapili ya pili ya Mei, ambayo huku ni Siku ya Mama, wakwe zangu wanakuja kula mchana. Dada yangu atakuwepo kutoka nyumbani na ameshasema atapika kuku wa kupaka, hataki mjadala. Mama mkwe ataleta asparagasi, hilo nalo halina mjadala. Baba mkwe hanywi kingine zaidi ya mvinyo mwekundu. Mke wangu anasema ninunue mweupe kwa wote yaishe. Mimi naamini lazima kuna mwekundu unaofaa msimu huu. Nina kama euro 15 kwa chupa, tutakuwa watu saba. Nitafute nini?

Mzee wa Bandari (Hamburg)

Asparagasi na mvinyo mwekundu haviendi pamoja, mkuu. Nunua Silvaner mweupe wa Franken, baba mkwe atazoea.

Dada wa Tanga (Lyon)

Kaka wa Mwanza, habari yako. Mimi nauza mvinyo, ndiyo kazi inayoniweka mjini hapa Lyon, kwa hiyo mniwie radhi nikiandika kirefu. Kila Aprili ikifika wateja wanaingia dukani na swali kama lako, na kila mwaka nasikitika kuona watu wakiutupa mvinyo mwekundu kando mpaka Oktoba kwa sababu jua limetoka. Mivinyo myekundu ninayoipenda kuliko yote duniani ndiyo hii ya kunywewa sasa.

Kwanza tuelewane kinachokuchosha. Ule mkauko wa mdomo ni tanini. Inatoka kwenye maganda, mbegu na vikonyo vya zabibu, na nyingine inatoka kwenye mapipa ya mwaloni. Tanini hushikana na protini. Ukila nyama ya ng'ombe yenye mafuta, inapata pa kushika, ndiyo maana Januari ulikuwa huna malalamiko. Ukila njegere na figili haipati kitu, inageukia mate yako mwenyewe, na ulimi unabaki mkavu. Kilevi nacho kinapanda puani zaidi mvinyo ukiwa na joto, na mezani nje, juani, glasi inapata joto upesi sana. Kwa hiyo unachotafuta ni mwekundu wenye tanini chache, uchachu wa kuamsha mate, kilevi kati ya asilimia 12 na 13, na unyweshwe ukiwa na ubaridi. Ukiyashika hayo manne hata jina la chupa ukilisahau utapona.

Sasa majina. Mimi ningeanzia hapa jirani, Beaujolais, kaskazini tu mwa Lyon. Watu wa mji huu wana msemo kwamba Lyon ina mito mitatu: Rhône, Saône na Beaujolais. Zabibu yake ni Gamay. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philippe le Hardi, aliipiga marufuku kwenye ardhi yake, akitaka wakulima wabaki na zabibu nyingine nyekundu, Pinot noir. Huku kusini kwenye vilima vya mawe ya matale Gamay ilistawi, na mimi nafurahi sana kwamba haikung'olewa yote.

Siri iko kwenye namna wanavyoitengeneza. Vichala vinaingizwa kwenye tangi vikiwa vizima, na vikonyo vyake, bila kupondwa. Tangi linafungwa, linajaa hewa ya kaboni dioksidi, na zabibu inaanza kuchachuka ndani kwa ndani, ganda likiwa bado halijapasuka. Ukiitoa moja tangini siku hizo na kuibonyeza kwa vidole, inakupa maji ya waridi yenye gesi inayokuchoma ulimi kidogo. Rangi na harufu zinatoka, tanini nyingi zinabaki kwenye ganda. Ndiyo maana Gamay inanukia matunda mabichi, cheri, rasiberi, stroberi, na inateleza kooni.

Usichukue ile Beaujolais Nouveau inayotolewa Alhamisi ya tatu ya Novemba. Ilitengenezwa inywewe wakati huo, na kufika Mei imeshachoka, hata wakikupunguzia bei. Chukua iliyoandikwa Beaujolais-Villages ya mavuno ya mwaka jana, au panda ngazi kidogo uchukue chupa yenye jina la kijiji. Maeneo yenye jina lake yako kumi, nayo hayalingani kwa uzito. Kwa meza yako ningechagua Chiroubles, ambako mashamba yapo juu kuliko kwa wenzao wote na mvinyo unatoka mwepesi, au Fleurie, au Brouilly. Morgon na Moulin-à-Vent ni watu wazima. Hao waache kwa mguu wa kondoo wa Pasaka au wakae miaka michache kwanza. Nyingi katika hizo utazipata kwa euro zako 15, na Villages kwa chini ya hapo.

Jana jioni baada ya kufunga duka tulifungua Fleurie. Rangi yake ilikuwa nyekundu ya kuona kupita: nikishika glasi kwa nyuma naviona vidole vyangu. Puani waridi kwanza, halafu rasiberi, halafu kitu kama jiwe lililolowa mvua. Mdomoni inaingia na uchachu pembeni mwa ulimi, mate yanajaa, na mwisho kabisa unasikia tanini ndogo, ya kugusa tu. Tulikuwa na figili, siagi ya chumvi na mkate, basi. Hatukuongeza kitu.

Njia ya pili ni bonde la Loire: Chinon, Bourgueil, Saumur-Champigny. Zabibu ni Cabernet Franc, na hii ndiyo itakayomjibu Mzee wa Bandari. Cabernet Franc ina harufu ya kijani, ya pilipili hoho na majani yaliyosagwa kiganjani. Wapo wanaoiona kasoro. Kwangu mimi ndiyo funguo ya msimu huu, kwa sababu mboga za sasa zote ni za kijani: njegere, maharage mapana mabichi, vitunguu vya majani, hayo majani ya msituni uliyoyataja. Vinatambuana. Ila muulize muuzaji chupa imetoka udongo gani. Chinon ya mchanga na kokoto karibu na mto huwa nyepesi, ya kunywa sasa. Ya miteremko ya chokaa ina mifupa zaidi na inataka muda.

Angalia na mwaka pia. 2018, 2020 na 2022 ilikuwa ya joto, zabibu ziliiva sana, kilevi kikapanda. 2021 Aprili ilileta baridi kali iliyounguza machipukizi, wakulima wakawasha moto usiku kucha mashambani kuyaokoa, na kiangazi nacho kikawa cha mvua. Mavuno yakawa madogo na mivinyo myepesi. Wengi waliukimbia mwaka huo. Mimi nikikuta Chinon nzuri ya 2021 ambayo imetunzwa vizuri, nainunua bila kusita kwa meza kama yako.

Lakini wewe uko Freiburg, kaka! Uko katikati ya Baden, eneo la mvinyo lenye Pinot noir nyingi kuliko lingine lolote Ujerumani, wao wakiiita Spätburgunder. Baba mkwe akiona chupa ya kwao mezani ataketi vizuri. Tahadhari moja: Kaiserstuhl, ule mlima wa volkano ya zamani magharibi yako, ni miongoni mwa sehemu zenye joto zaidi Ujerumani, na mvinyo wake mwaka wa jua unaweza kuwa mzito. Tafuta chupa ya kawaida ya mkulima, ile ya bei ya chini kwenye orodha yake, isiyoandikwa "Barrique". Neno hilo maana yake mvinyo umelala kwenye mapipa madogo ya mwaloni, utakuja na vanila na tanini za mbao, na hivyo si vya kula na asparagasi. Ukipata ya Glottertal, kule bonde linapoanza kupanda Msitu Mweusi, itakuwa na ubaridi zaidi ndani yake.

Sasa hili ndilo naomba usiliruke. POOZA CHUPA. Ule ushauri wa kunywa mwekundu kwenye joto la chumba ni wa enzi za nyumba za mawe zisizo na mashine za kupasha joto, chumba kikiwa na nyuzi 16 au 17. Sebule yako leo ina 22, uani juani ni zaidi. Mwekundu mwepesi unataka nyuzi 12 hadi 14. Weka chupa kwenye friji dakika 45 hivi kabla ya wageni kukaa, au kwenye ndoo ya maji yenye barafu dakika 10. Maji lazima yawepo. Barafu peke yake inagusa chupa sehemu chache tu, inachelewa. Mimina kidogo kidogo, glasi isijae, ili isipate joto kabla haijaisha. Kinyume chake usifanye: mvinyo wenye tanini nyingi ukiupooza sana unazidi kuwa mchungu, kwa hiyo ile chupa yako ya Januari friji haitaiokoa. Itunze mpaka Novemba.

Kuhusu asparagasi. Mzee wa Bandari ana hoja, tusimpuuze. Asparagasi ina viambata vya salfa, na vikikutana na tanini ladha inakuwa ya chuma. Nyeupe ikichemshwa na kumwagiwa mchuzi wa siagi na mayai, mvinyo mweupe unaiweza zaidi. Lakini mkiiweka kwenye makaa, ikapata alama za kuungua, ikanyunyiziwa chumvi na kuliwa na vipande vya paja la nguruwe lililokaushwa, Pinot baridi au Gamay inaingia vizuri kabisa. Makaa mtakuwa mmeshawasha kwa ajili ya kuku wa dada yako, kwa hiyo kazi haiongezeki. Nyanyua uso ukimwomba mama mkwe ruhusa.

Na kuku wa kupaka, kaka, ndiye atakayependwa. Pilipili hugombana na vitu viwili, kilevi kingi na tanini, vyote huizidisha kuwaka. Nazi ina utamu wake, ndimu ina uchachu wake, na yale makaa kwenye ngozi yanaitaka rangi nyekundu. Gamay ya nyuzi 13. Ningeweka hiyo mezani mbele ya mfalme.

Mkenya wa Stuttgart

Hamjambo nyote. Dada wa Tanga amemaliza karibu kila kitu, nami niongeze ya huku kwetu Württemberg maana nimekaa muda na hawa watu wa Swabia.

Mwambie muuzaji akupe Trollinger. Ni mwekundu hafifu kwa rangi, wa kunywa bila kufikiri sana, na huko milima ya kaskazini mwa Italia alikotokea wanamwita Vernatsch au Schiava. Nje ya huko na huku wachache wanamjua, na wataalamu wengi wanamdharau. Huku wanamnywa kwenye glasi ya robo lita yenye mkono, mfano wa kikombe cha chai.

Lakini usimnunue supamaketi. Kuanzia sasa endesha gari vijijini uangalie ufagio. Mkulima wa zabibu ana ruhusa ya kufungua nyumba yake kama baa kwa miezi minne kwa mwaka, viti visizidi 40, auze mvinyo wake mwenyewe na chakula chepesi. Siku akiwa amefungua anatundika ufagio mlangoni. Unaingia, unakaa benchi moja na watu usiowajua, bibi wa nyumba anakuletea viazi na soseji, na mkulima mwenyewe anakumiminia. Mara ya kwanza nilikaa na wazee wanne hata jina sikuulizwa mpaka glasi ya pili, halafu nikaulizwa habari za mvua za Kitale na kama mahindi yamepandwa. Wakulima ni wakulima. Kwenu Baden pia zipo, zinaitwa Straußwirtschaft, wengi hutundika fungu la matawi. Unaonja kabla ya kununua, na ukiwa umeonja hutadanganyika na lebo.

Kingine, ukikutana na Spätburgunder ya bonde la Ahr, nunua hata kama imezidi bajeti kidogo. Bonde lile lilifagiwa na mafuriko Julai 2021, maghala ya mvinyo yakajaa tope. Chupa zilizookolewa ziliuzwa zikiwa na tope lake vilevile ili kuchangia ujenzi upya. Wamesimama tena, na mvinyo wao ni mzuri mno.

Mwanafunzi wa Stellenbosch

Huku kwetu ndio kwanza majani yanaanguka, kuchipua ni Septemba. Lakini ikifika hiyo Septemba, watu wanachoma nyama na mwekundu unaopoozwa ni Cinsault. Miaka mingi zabibu hii ilichanganywa tu kwenye mivinyo ya bei rahisi, sasa wanaipa chupa yake yenyewe, hasa ile ya mizabibu mizee isiyomwagiliwa. Nyepesi, stroberi tupu. Ndiye mzazi mmoja wa Pinotage pia, zabibu ya huku Afrika Kusini: Profesa Perold aliizalisha na Pinot noir hapa mjini mwaka 1925. Ukiiona Freiburg, ijaribu na kuku wa dada yako.

Mzee wa Hombolo (Dodoma)

Wanangu, nawasoma kwa furaha. Mimi nalima zabibu Hombolo, nataka niwaeleze jambo mlioko huko msilione la kawaida.

Mnasema huko ni majira ya kuchipua. Huko mzabibu unalala kwa baridi, jua likirudi unaamka wenyewe. Huku kwetu baridi ya kuulaza hakuna. Ukiuacha utaendelea kutoa majani ovyo, huku kichala kimeiva, huku ua linafunguka, huwezi kuvuna kitu cha maana. Kwa hiyo kuamka kwake tunakuamua sisi kwa mkasi. Tukishavuna tunaupumzisha, halafu tunapogoa, tunakata matawi yote tunabakiza macho machache. Ndani ya wiki mbili hivi yale macho yanavimba, yanapasuka, majani madogo ya kijani yenye wekundu pembeni. Kama miezi minne baadaye tunavuna. Ndiyo maana Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena Agosti na Septemba. Ukikata siku moja na jirani, mnavuna siku moja na jirani, na hapo bei ya kiwandani inawaumiza wote. Basi tunapishana.

Mwekundu wetu unatokana na zabibu ya Makutupora, inavumilia jua na udongo wetu wa kichanga. Mimi nakubaliana na binti wa Tanga kuhusu friji kwa asilimia zote. Mgeni akija kwangu mchana wa Oktoba, ukimpa mwekundu uliokaa juu ya kabati chini ya bati, unamtesa. Natoa kwenye friji, nauacha mezani nusu saa, ndipo namimina. Na mbuzi wa kuchoma awe hajaungua.

Kaka wa Mwanza, dada yako akija mwambie akubebee chupa moja kavu ya Dodoma. Baba mkwe aonje nchi yako.

Kaka wa Mwanza (Freiburg)

Shikamoo Mzee wa Hombolo, na asanteni sana wote. Sikutegemea majibu ya namna hii.

Nimefuata ushauri wa ufagio. Jana tulienda Glottertal na mke wangu, tukakuta mlango wenye matawi, tukaonja Spätburgunder aina tatu. Ile ya pipa dogo ilikuwa ya kifahari lakini nilisikia kabisa ile vanila ya Dada wa Tanga. Ya kawaida, euro 9, ilikuwa ya baridi kutoka ghalani, nyekundu ya kuona kupita kama ulivyosema, na mke wangu, ambaye ndiye alikuwa anataka mweupe, alimaliza yake kabla yangu. Tumechukua chupa tatu. Mjini nimepata Fleurie mbili na Chinon moja, na muuzaji alishangaa nilipomuuliza habari za mchanga na chokaa, akaenda nyuma kuniletea nyingine tofauti na aliyokuwa ameishika.

Mama mkwe amekubali asparagasi ichomwe nusu. Nusu nyingine itachemshwa, na kwa hiyo nimenunua Silvaner moja ya Mzee wa Bandari. Dada yangu nimeshampigia simu kuhusu chupa ya Dodoma, ataifunga kwenye kanga katikati ya begi.

Yamebaki mawili. Nifungue saa ngapi kabla, na je, ikibaki nusu chupa inakaa siku ngapi? Pili, mwishoni kuna stroberi na krimu, na mama mkwe hapendi kabisa mvinyo mkavu. Siku ni yake. Nimpe nini?

Dada wa Tanga (Lyon)

Umefanya kazi nzuri, kaka. Huyo muuzaji mkamate, aliyekwenda nyuma kukuletea nyingine anajua kazi yake.

Hizi nyepesi hazihitaji kufunguliwa mapema. Fungua wakikaa, onja wewe kwanza, mimina. Chinon tu ukipenda ifungue nusu saa kabla. Ikibaki, rudisha kizibo, weka kwenye friji ikiwa imesimama. Siku mbili hadi tatu bado iko sawa. Baada ya hapo ipikie. Kwa idadi: chupa moja inatoa glasi sita za kiasi, kwa hiyo hizo ulizonunua zinawatosha na kubaki. Anza na Spätburgunder ya baba mkwe kwenye asparagasi za makaa, lete Fleurie kuku akifika mezani. Chinon iende na njegere na jibini ya mbuzi kama ipo. Ile ya Dodoma ipeni nafasi yake peke yake, na glasi safi, msiichanganye katikati ya nyingine.

Stroberi usizipe Fleurie iliyobaki. Sukari na krimu vitaifanya ionekane chachu kupita kiasi, utaionea bure. Mama mkwe mtafutie Brachetto d'Acqui. Ni mwekundu wa Piemonte, Italia, mtamu, una mapovu, unanukia waridi na stroberi zenyewe, na kilevi chake ni kidogo, kwenye asilimia 5 au 6 hivi. Huu upooze haswa, nyuzi 8 ni sawa, na usiufungue mpaka stroberi ziwe zimeshafika mezani kwa sababu mapovu yake hayangoji mtu. Zioshe stroberi kabla ya kuzikata, sukari weka kidogo sana, mvinyo utaleta wa kwake. Kama glasi ndefu za mapovu huna, hizihizi za kawaida zinafaa, harufu inakaa ndani vizuri zaidi. Nunua mbili. Wifi yangu naye ataomba.